Kikapu Si Malaika

Ndugu msomaji, fanya jaribio dogo. Kusanya hadithi fupi kumi na mashairi kumi ya vijana wa rika letu, yale tunayosomeana kwenye vikao na kupitishiana kwenye madaftari. Hesabu ni mara ngapi utakutana na kikapu, mkeka au shuka iliyofumwa kwa mkono. Utavikuta, tena vingi. Halafu angalia vinafanya kazi gani humo ndani. Nakuhakikishia kazi yake ni moja tu, kusimama upande wa wema. Bibi anasuka mkeka, kwa hiyo bibi ni mwema, kijiji ni chema, zamani ilikuwa njema. Akitokea kijana wa mjini kashika mfuko wa plastiki, basi msomaji ameshajua nani atakufa kwa ulevi ukurasa wa mwisho.

Sina ugomvi na bibi. Ugomvi wangu ni na kikapu, au tuseme na namna tunavyokiandika. Sekondari tulifundishwa kwamba kuna mhusika bapa na mhusika duara. Bapa ni yule asiyebadilika, mwema tangu mwanzo au mbaya tangu mwanzo. Duara ana pande nyingi, anabadilika kufuatana na mazingira, na ndiye anayefanana na binadamu. Swali hilo tumelijibu kwenye mtihani na wengi tulipata maksi zote. Lakini tukishika kalamu wenyewe, tunachukua kitu chenye historia ndefu kama mkonge au pamba, tunakilaza chali, tunakipiga pasi mpaka kinakuwa bapa. Tunakiita "asilia", tunaweka nukta, tunaendelea na mapenzi.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba malighafi za ususi na ufumaji wa mkono hazina malaika wala shetani. Kila moja ina inachokula na inachotapika. Jina lake halikuambii kitu. Kinachokuambia ni safari yake: imetoka wapi, imepita mikono ya nani, imetumika vipi, na itaishia wapi. Na kusimulia safari, jamani, si ndiyo kazi tunayodai tunaitaka?

Nianze na mkonge, maana huo naujua kwa pua. Nimekulia Korogwe, jirani na mashamba ya mkonge, na kwa taarifa ya aliyekulia Kariakoo, mkonge una harufu. Sio ule uliokwisha kuwa kamba ukaning'inizwa dukani. Nazungumzia jani linapopita kwenye korona, ile mashine ya kuponda majani na kutoa katani. Katika uzito wa jani zima, katani ni kama asilimia 4 tu. Zilizobaki, asilimia 96, ni maji na makapi. Korona nayo inataka maji mengi ya kuoshea, na kwa miaka mingi mchuzi huo wa kijani uliachiwa utiririke hadi mtoni. Ukifika mtoni unaoza, na katika kuoza unakula oksijeni iliyomo majini, samaki wanakosa pumzi. Kikapu chetu cha "asilia" kimetoka huko.

Wala mkonge wenyewe si mwenyeji. Kwao ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza huku, na inasimuliwa kwamba katika miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida, iliyofika hai ni 62 tu. Kutokana na miche hiyo yakazaliwa mashamba yaliyofyeka misitu na vichaka vya Tanga na Morogoro, yakaleta manamba kutoka Kigoma, Njombe, Songea na hadi Msumbiji, watu walioitwa kwa namba badala ya majina. Mwaka 1964 nchi hii ilivuna tani zipatazo 230,000 na kuongoza duniani. Kisha kamba za nailoni na polipropilini zikajaa sokoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka pori.

Lakini subiri, usikimbilie kuuchukia. Mkonge unastahimili ukame na haumwagiliwi maji. Dawa za wadudu unahitaji kidogo sana. Mche mmoja unavunwa kwa miaka mingi kabla haujatoa mlingoti na kufa. Kamba yake ikichakaa inaoza na kurudi kuwa udongo. Hata yale makapi si lazima yauwe mto. Kule Hale, Tanga, katika miaka ya 2000 ulijengwa mtambo wa kugeuza mabaki ya mkonge kuwa gesi na umeme. Halafu kuna mwanamke anayekwangua jani kwa mkono nyuma ya nyumba yake, kama wafanyavyo akina mama wa Ukambani, Kenya, wanaosuka kiondo. Huyo hana korona wala mfereji wa uchafu. Makapi yake ni kiganja kimoja kimoja, yanaozea shambani. Mkonge ni uleule, ila hadithi ni mbili. Sasa wewe uliyeandika "kikapu cha mkonge" ulikuwa unazungumzia upi?

Tuje pwani, kwenye ukindu. Hapa ndipo wengi tunapoyeyuka kabisa. Ukindu ni majani ya mkindu, unaopenda kuota karibu na maji, kandokando ya mito na kwenye mabonde. Yanakatwa yangali machanga, yanaanikwa, yanachanwa, yanasukwa ukili, kisha ukili unashonwa kuwa mkeka. Mkindu huota kwa mashina mengi pamoja, kwa hiyo ukikatwa kwa adabu unaendelea kuchipua. Ukikatwa moyo wake kila wiki, unadumaa. Tofauti ya vitu hivyo viwili haionekani kwenye mkeka uliokamilika. Inaonekana bondeni, na bondeni waandishi hatuendi.

Na ile mistari myekundu na ya zambarau tunayoisifia? Mara nyingi ni rangi ya unga ya dukani, ya kemikali, iliyochemshwa sufuriani pamoja na ukindu, na maji yake yakamwagwa uani. Najua utasema: basi warudi kwenye rangi za asili. Haya, turudi. Moja ya rangi za asili za pwani inatokana na magome ya mkandaa, na mkandaa ni mmoja kati ya ile miti tunayoiita mikoko, inayozuia bahari isile ardhi na kuwapa samaki mahali pa kuzalia. Ukiubandua gome kuuzunguka, mti unakufa. Rangi nyingine za mimea zinataka kuchemshwa muda mrefu, na kuni haziji kwa miujiza. Nyingine hazishiki mpaka utie shabu. Kwa hiyo kopo la rangi ya dukani lina ubaya wake, na gome la mkandaa lina ubaya wake. Aliye mbele ya sufuria analijua hilo na anachagua. Sisi tulio mbele ya karatasi tunampangia kwamba hakuchagua kitu, kwamba rangi ilimjia kutoka kwa mababu.

Pamba je? Pamba ndiyo inayosifiwa kuliko zote, labda kwa sababu ni nyeupe. Lakini waulize watu wa Bahari ya Aral, kule Asia ya Kati. Ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Tangu miaka ya 1960 mito ya Amu Darya na Syr Darya ilielekezwa kwenye mashamba, hasa ya pamba, na leo sehemu kubwa ya ziwa ni jangwa la chumvi lenye mabaki ya meli za uvuvi. Pamba yetu ya Kanda ya Ziwa kwa sehemu kubwa inategemea mvua, haikunywa ziwa la mtu. Lakini inapigwa dawa za wadudu, na mpigaji mara nyingi hana glavu wala kinga ya pua. Na palepale nchini, wilayani Meatu, tangu mwaka 1994 wapo wakulima wanaolima pamba hai bila dawa hizo. Hivyo ukinionyesha mtandio wa pamba uliofumwa kwa mkono, ukasema "huu ni safi", nitakuuliza: ni pamba ya wapi?

Tena hata jibu la "ni pamba hai" halimalizi kesi. Mwaka 2018 mamlaka ya mazingira ya Denmark ilitoa ripoti kuhusu mifuko ya kubebea bidhaa. Ukizingatia athari zote walizozipima, mfuko wa pamba ya kawaida ungepaswa kutumika mara 7,100 ndipo ulingane na mfuko wa plastiki unaotolewa dukani. Wa pamba hai, mara 20,000, sehemu ya sababu ikiwa ni kwamba walikadiria mavuno yake kuwa machache. Mtu akisoma hapo anaweza kupiga kelele "Plastiki oyee!" Apunguze kelele. Hesabu ile haikuingiza takataka zinazozagaa, na Denmark hawana mtaro wa Msimbazi. Kwetu mfuko mwepesi ulikuwa unaziba mitaro, unaliwa na mbuzi, unaelea baharini. Kenya iliupiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na mimi sikuulilia. Ninachokiona kwenye ile ripoti ni kwamba kitu cha pamba kinaanza maisha na deni kubwa, na deni hilo linalipwa kwa kutumika. Shuka ya kufumwa kwa mkono inayojifunikwa na vizazi viwili italipa. Ile iliyonunuliwa kwa picha moja na kufungiwa kabatini haitalipa kamwe.

Naam, na shetani mwenyewe, plastiki. Nenda sokoni uangalie vile vikapu vilivyosukwa kwa mikanda ya plastiki, ileile inayofungia makatoni na marobota. Mtu kaiokota au kainunua kwa bei ya kutupa, kaisafisha, kaisuka kwa ufundi uleule wa ukili. Kikapu hicho kinabeba samaki wabichi, kinaoshwa, kesho kinabeba nyanya. Kitafanya hivyo miaka. Hakukatwa mkindu wala kuchemshwa rangi. Ni kweli kwamba hakiozi, na kikikaa juani mwaka baada ya mwaka kitaanza kukatikakatika vipandevipande visivyookoteka. Hilo silifichi. Lakini hebu nionyesheni shairi moja lililokipa kikapu hicho hata nusu beti. Kinabeba chakula cha mji mzima na hakuna mshairi anayekitazama, kwa sababu hakina "asili".

Nadhani umeona ninapoelekea. Kuna wakati jambo hili lilinigusa mfukoni. Duka moja la vitu vya kitalii lilinipa kazi ya kuandika vile vikaratasi vinavyoning'inizwa kwenye vikapu. Walitaka maneno matamu na yawemo "asilia kwa asilimia mia". Vikapu vilikuwa vya katani, lakini urembo wake ulikuwa wa uzi laini wenye rangi kali. Nikamsubiri mama aliyekuwa akivileta.

"Shikamoo mama. Uzi huu unaupata wapi?"

"Marahaba mwanangu. Huo wa sweta za mtumba. Zile zilizotoboka, nani atazivaa? Nazifumua usiku watoto wakishalala."

Alisema bila aibu yoyote, na sioni kwa nini angeona aibu. Uzi wa sweta za namna hiyo aghalabu ni akriliki, na akriliki inatokana na mafuta ya petroli. Ukiwa kwenye sweta ni tatizo kubwa zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walionyesha mwaka 2016 kwamba fuo moja la kilo 6 za nguo za akriliki linaweza kumwaga nyuzinyuzi zaidi ya 700,000 kwenye maji. Lakini kikapu hakifuliwi kila Jumamosi. Uzi uleule, ukihamishwa kutoka kwenye sweta inayoelekea jalalani hadi kwenye kikapu, umepunguza madhara na umemlisha mtu. Mama yule alikuwa amefanya jambo la akili kuliko kikaratasi chochote.

Nikaandika hivi: "Katani ya mkonge, na uzi wa sweta kuukuu uliofumuliwa kwa mkono." Mwenye duka akasoma, akacheka, akasema mzungu hanunui sweta kuukuu. Kazi akapewa mwingine. Sikulipwa. Sawa, ndiyo biashara. Kilichoniuma ni kwamba "asilia kwa asilimia mia" ilibaki kwenye kikapu kile, na baadaye duka likaanza kumkatalia mama yule vikapu vyenye uzi wa sweta. Katani tupu, walimwambia, ndiyo inayotakiwa. Akalazimika kununua katani nyingi zaidi, na sweta zikaenda jalalani.

Ndiyo maana nasema hili si suala la fani tupu. Lile neno la kwenye kikaratasi sio mwenye duka aliyelibuni. Analikuta limeshapikwa tayari, kwenye mashairi, kwenye hadithi, kwenye nyimbo, kwenye hotuba. Tumelipika sisi. Kila tunapoandika mkeka kama dua na plastiki kama dhambi, tunamuongezea msamiati.

Nimchukue mwandishi wa kubuni ili nisimchome mtu. Tuseme kaandika: "Bibi alikaa barazani akisuka mkeka wa asili, vidole vyake vikinong'ona na mababu." Sentensi hii itapigiwa makofi kwenye kikao chochote. Lakini haina kitu. Hatujui ukindu umetoka wapi, hatujui bibi anachoka wapi, hatujui anasuka kwa ajili ya nani. Sasa jaribu hivi: "Bibi aliyamwaga maji mekundu nyuma ya choo, palepale ambapo mchicha ulikufa mwaka jana, kisha akaanza kuanika ukindu." Sidai kwamba ni sentensi kubwa. Lakini bibi wa pili ana jambo. Anajua rangi inaua mchicha, na anajua mkeka bila rangi haununuliwi. Hapo kuna mgogoro, na mgogoro tuliambiwa ndio uti wa mgongo wa hadithi. Bibi wa kwanza ni picha ya kalenda.

Najua pingamizi zitakazokuja, maana nimeshazisikia. Ya kwanza: "Mwandishi si bwana shamba wala mwanasayansi." Kweli. Lakini hatukubali mtu aandike mapenzi bila kujua wivu, wala aandike siasa bila kujua njaa. Kwa nini kikapu ndicho kiandikwe bila kukijua? Ya pili ni nzito zaidi: "Ukianza kusema mkonge unachafua mito na ukindu una kemikali, unawaua kina mama wanaoishi kwa ususi." Hii naiheshimu. Ila ninayoyaona ni kinyume chake. Anayewaumiza ni yule anayewavika umalaika, kwa sababu malaika hahitaji glavu wakati wa kuchemsha rangi, hahitaji shimo la kumwagia maji, hahitaji shamba la mikindu lipandwe, na wala hahitaji bei nzuri. Malaika hali. Binadamu anayechagua kati ya ubaya huu na ule ndiye anayeweza kudai kitu.

Mimi mwenyewe nina muswada wa riwaya, kaunta buku ya tatu sasa. Mhusika wangu mkuu ni binti wa mkata mkonge, anayehamia mjini na kuishi kwa kusuka vikapu. Mshikaji mmoja niliyempa ausome alinishauri nikate kurasa zinazoeleza harufu ya korona na mto wenye povu. "Zinaharibu uzuri wa vikapu," alisema. Nimefikiri sana, na kurasa zile zinabaki. Kama msomaji hatasikia harufu ile sura ya pili, basi sura ya tisa, binti anapokwangua jani lake la kwanza kwa kisu kwenye uwanja wa kupanga, atadhani ni urembo tu. Hataelewa kwamba anajaribu kuufanya mkonge usinuke tena. Wahenga walisema hakuna kizuri kisicho na ila. Kwa mwandishi, ila ndiyo mlango wa kuingilia.

Basi mwenzangu, ukileta hadithi yako kwenye kikao na ndani yake kuna mkeka, jiandae. Nitakuuliza ukindu ulikatwa bonde gani, rangi ilichemshwa kwa kuni za wapi, maji yakamwagwa upande gani, na aliyesuka aliondoka na shilingi ngapi. Ukinijibu mawili tu kati ya hayo manne, nitanyamaza na kusikiliza mpaka mwisho. Na kama kikapu chako ni cha mikanda ya plastiki, nitakupisha usome wa kwanza.

Naomba kuwasilisha.